Daraja la kwanza au la pili kwa treni ya Mombasa?

Swali: Msafiri anayetoka Bungulu, Beni, mashariki mwa Kongo, kufuata mzigo Mombasa akate tikiti ya daraja gani akifika Nairobi?

Jibu: Beni na jirani yake Butembo hazina reli. Safari huanza barabarani, kupitia mpaka wa Kasindi na Mpondwe, hadi Kampala na Nairobi. Treni ya Nairobi–Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina daraja la kwanza na daraja la kawaida, ambalo ndilo la pili. Januari 2024, nauli ya safari nzima kwa mtu mzima ilipanda hadi shilingi 4,500 za Kenya kwa daraja la kwanza na 1,500 kwa la kawaida.

Tofauti kubwa ni nafasi. Daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, abiria wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Daraja la kwanza lina viwili kwa viwili, na miguu hunyooka. Lakini wote hupita Tsavo kwa treni ileile na kufika saa ileile.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni habari nyingine: huko watu hulala njiani, wanne chumbani katika daraja la kwanza, sita katika la pili. Hapo nyongeza ya nauli ina maana.

Kwa treni ya mchana ya Mombasa, daraja la kawaida linatosha. Kwa treni ya usiku, mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto alipiwe la kwanza. Pasipoti isisahaulike, kwa sababu ya mipaka ya njiani.