Sanduku la Dania kwa Ploti Isiyo na Shamba

Katika kurasa hizi nimezoea kusoma ngonjera na insha za methali. Mimi leo nimekuja na msumeno.

Wengi wetu tunaosoma shule za kutwa hapa Thika na Ruiru twakaa nyumba za kupanga. Ua wote umemwagwa saruji, na udongo wa kupandia hata kitunguu kimoja hakuna. Basi kila jioni mtoto hutumwa kwa mama mboga kuleta dania ya shilingi kumi. Je, dania hiyo imetoka wapi? Mama mboga aliinunua sokoni alfajiri, na aliyemuuzia aliitoa kwa mwingine. Yajulikana wazi kwamba kando ya Mto Nairobi wapo wakulima wanaonyunyizia mboga maji taka. Sukuma wiki angalau hupitia motoni. Dania huliwa mbichi katika kachumbari. Hii ndiyo sababu iliyonifanya niunde sanduku la kupandia viungo nyumbani, wala si mapambo.

(Kwenye kamusi mmea huu huitwa giligilani. Jina dania lilitujia kwa Wahindi. Nitaandika dania, kwa kuwa ukimwomba mama mboga wa Ruiru giligilani atadhani wamtukana.)

Jambo la kwanza, na ndilo nitakalolikalia zaidi, ni mbao. Watu wakisikia sanduku la kupandia huokota ubao wowote ule. Siwalaumu, maana mbao ni ghali. Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na haikutangaza kuyaondoa marufuku hayo hadi mwaka wa 2023. Katika miaka hiyo bei ilipanda na watu wakazoea mbao kuukuu. Lakini mbao kuukuu zina historia zake, na historia hiyo huingia udongoni, kisha mzizini, kisha kinywani.

Chukua kwa mfano mbao zilizotumiwa kushikilia zege kwenye mjengo. Ni rahisi kuzipata, kwani Ruiru majengo yanaota kila siku kama uyoga. Aghalabu mbao hizo hupakwa oili chafu ili zege isizishike. Oili chafu ni ile iliyomwagwa kutoka kwa injini ya gari. Ndani yake mna chembe za madini kama risasi, na mna masizi yenye kemikali zinazoweza kuleta saratani. Isitoshe, mafundi wetu wengi huipaka hata kwenye mbao mpya ili kufukuza mchwa. Fundi jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, aliponiona na mbao zangu aliniletea mkebe mzima bila malipo.

"Kijana, usipozipaka, mchwa watazila kabla ya Krismasi," akaniambia.

"Asante sana, mzee," nikamjibu. "Lakini nikizipaka, sisi ndio tutakaoila hiyo oili."

Alicheka, ila hakukubali. Nami nasema hivi: ikiwa twakimbia maji taka ya mtoni, kuna haja gani kuipanda dania yetu katika oili ya lori?

Kuna pia nguzo na mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia. Hizo zimetiwa dawa yenye shaba, kromi na arseniki. Kwa ua ni nzuri ajabu, hukaa miaka na miaka. Kwa chakula, la hasha. Huko Marekani wenye viwanda wenyewe waliacha kuitia dawa hiyo kwenye mbao za matumizi ya nyumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003. Vipande vya milingoti ya stima vyeusi vyenye harufu kali navyo viacheni vilivyo. Hiyo ni kriosoti.

Waishio karibu na viwanda vya Thika watasema, "Si kuna paleti?" Naam, zile fremu za mbao zinazobebea mizigo. Paleti iliyosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine huwa na muhuri. Ukiona herufi HT, mbao hiyo ilipashwa joto kuua wadudu, basi ichukue. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ambayo pia huharibu tabaka la ozoni. Iache. Na hata yenye HT ikiwa na madoa ya kitu kilichomwagika, usibahatishe.

Mimi niliamua kununua saipresi mpya, mti ambao asili yake ni Mexico lakini umekuwa mwenyeji wa milima yetu. Mbao za mubariti, ule mti kutoka Australia unaotia kivuli mashamba ya kahawa, zafaa pia mradi ziwe kavu. Mbao mbichi hupindapinda, na sanduku lako likawa mtumbwi.

Vipimo navyo ni hivi. Sanduku lina urefu wa futi 3, upana wa futi 1 na kina cha inchi 8. Nunua mbao ya 8 kwa 1 futi 8, ya 6 kwa 1 futi 6, na ya 2 kwa 2 futi 5, pamoja na misumari ya inchi 2 na nusu. Kutoka ile ya 8 kwa 1 kata vipande viwili vya inchi 36 na viwili vya inchi 10. Vifupi hukaa katikati ya virefu, ndipo upana wa nje ukawa inchi 12 kamili. Ya 6 kwa 1 hukatwa mara mbili tu, ikawa sakafu. Ile ya 2 kwa 2 hutoa vipande vinne vya inchi 8 vya kusimama ndani ya pembe, na viwili vya inchi 12 vya kulala chini kama miguu.

Msidharau hivyo vya pembeni. Msumari uliopigiliwa kwenye ncha ya ubao, pale nyuzi za mti zinapoishia, haushiki vizuri, na udongo uliolowa husukuma kwa nguvu. Pigilia ubao kwenye kipande cha pembe, na misumari ya upande mmoja ipishane na ya upande wa pili isije ikagongana ndani.

Katika shule ya msingi tulikariri randa, patasi, kekee, timazi, guni na jiliwa, tukapata alama zetu, ilhali wengi hatukuwahi kuigusa hata randa. Kazi hii yataka msumeno, nyundo, guni ya kunyoosha pembe, utepe wa kupimia, na kekee ya kutoboa sakafu matundu manane ya nusu inchi. Usipokuwa na kekee, acha nafasi ya upana wa penseli kati ya mbao mbili za sakafu. Maji yasipopata pa kutokea, mizizi huoza. Tandaza kipande cha chandarua kikuukuu juu ya matundu ili udongo usivuje.

Kuhusu mchwa wa yule mzee, dawa yangu ni mawe. Hapa kwetu mawe ya Ndarugo hayakosekani. Inua sanduku juu ya mawe manne, mbali na ukuta, kisha chungulia chini kila wiki. Ukiona mfereji wa udongo unapanda, ufagie. Saipresi isiyopakwa kitu itaoza baada ya miaka kadhaa, hilo nakubali, na siku hiyo nitanunua nyingine.

Sanduku hili humeza lita 40 na kidogo. Hiyo ni debe moja la udongo mwekundu, nusu debe ya samadi iliyooza vizuri na nusu debe ya mchanga. Wa upande wa Juja wenye udongo mweusi unaopasuka waongeze mchanga. Likishalowa huweza kufika kilo 60, kwa hivyo mlio ghorofani msilikalishe juu ya ukingo wa roshani. Chini kuna watoto wa watu. Lijazeni pale pale litakapokaa.

Kila mbegu ya dania ni mbili zilizoshikana. Zisugue polepole kwa chupa zigawanyike, ziloweke usiku kucha, kisha zipande nusu inchi chini, hapo hapo zitakapokulia, kwa sababu dania haipendi kuhamishwa. Huchipuka baada ya wiki moja hadi tatu. Mnanaa usiutie humo, maana hutambaa na kuwafukuza wenzake. Upe mkebe wake. Rozimeri hupenda ukavu, nayo ikae peke yake. Wenzi wazuri wa dania ni vitunguu majani.

Baada ya wiki sita hivi anza kukata majani ya nje. Jua la Januari likizidi, dania hukimbilia kutoa maua na majani huwa membamba kama nyuzi. Usiing'oe yote. Acha mashina mawili yakauke na mbegu zake, uzihifadhi kwenye bahasha, nazo ndizo utakazopanda mvua ya Machi ikikaribia.