Kalamu ya Kishikwambi na Saa ya Mzee: Somo la Kupima Kumbukumbu

Utangulizi

Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Kifaa hiki si kigeni tena Bukoba wala Muleba. Kalamu yake bado ni ngeni. Mwaka 2012 FiftyThree, kampuni changa ya New York, ilitoa Paper, programu ya kuchorea kwenye iPad. Mwaka 2013 ikaleta kalamu yake, Pencil. Zana za jamii hiyo, zilizokusudiwa wachoraji, sasa zimeingia katika tiba. Somo hili laeleza jinsi zinavyosaidia kuchunguza demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na jinsi zinavyoweza kumdhulumu mzee.

Kalamu inaona nini?

Katika kipimo cha kuchora saa, mgonjwa huchora uso wa saa, huandika namba 1 hadi 12, kisha huweka mishale ionyeshe wakati aliotajiwa. Kazi hiyo fupi hupima kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga. Karatasi ya kawaida humwachia mhudumu mchoro tu. Kalamu ya kidijiti hutunza pia mwendo wa mkono. Ile iliyotumiwa na watafiti wa MIT na hospitali ya Lahey, Marekani, ilisoma nafasi ya ncha yake takriban mara 80 kwa sekunde. Watu wawili huweza kuchora saa zinazofanana, mmoja bila kusita, mwingine akiwaza kwa muda mrefu kalamu ikiwa hewani. Kusita huko huweza kuwa dalili ya mapema. Utafiti huo ulizaa kampuni ya Digital Cognition Technologies, iliyonunuliwa na Linus Health mwaka 2020, na leo saa hiyo huchorwa kwenye kishikwambi.

Mtego wa lugha

Wakati unaotumiwa sana katika kipimo hiki ni ule ambao mshale mfupi uko kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Kwa Kiswahili ni saa tano na dakika kumi. Mhudumu akitafsiri Kiingereza neno kwa neno, akasema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee mwenye akili timamu ataelekeza mshale mfupi kwenye 5, nayo programu itamhesabia kosa. Akisema "saa tano" kwa usahihi, amemwongezea mzee kazi ya kugeuza tano kuwa 11, kazi ambayo kipimo cha asili hakikuwa nayo. Kwa hiyo viwango vya Marekani havifai kutumiwa hapa kama vilivyo.

Mtego wa mkono

Mzee wa miaka 70 leo alikuwa amekwisha kuvuka umri wa shule ya msingi Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipohimiza elimu ya msingi kwa wote. Bibi aliyefuma mikeka maisha yake yote ana vidole stadi, ila pengine hakuwahi kushika kalamu. Kusita kwake juu ya kioo ni ugeni, si ugonjwa. Watafiti katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilizingatia hilo: katika kipimo chao, IDEA, mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano, badala ya kuchora.

Mambo ya kuzingatia

1. Uliza kwanza: amesoma hadi wapi? Huandika? Husoma saa?

2. Chunguza mtoto wa jicho, mtetemeko na maumivu ya vidole.

3. Tafuta yanayotibika: maambukizi, sonona, madhara ya dawa, upungufu wa vitamini B12, VVU. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Leo wengi wanaoishi na VVU wanazeeka.

4. Msikilize anayeishi naye: je, mzee hupotea njia aliyoizoea? Husahau chungu motoni?

5. Usitoe hukumu kwa mchoro mmoja; penye shaka, mpe rufaa.

Tahadhari hizi zina uzito. Mama aliyeandikwa kimakosa kuwa amepoteza akili aweza kunyimwa kauli juu ya kibanja chake. Naye mwalimu mstaafu achoraye vizuri aweza kurudishwa nyumbani akiwa mgonjwa kweli.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini mshale mfupi kwenye 5 huenda usiwe kosa la mzee?

(b) Njiti za kiberiti huondoa kikwazo gani, na ni kikwazo gani hubaki?