Kimondo cha Mbozi na Umri wa Dunia
Somo kwa waalimu na Wakristo wapendao kujifunza

Kijana mmoja wa darasa la ubatizo aliniuliza zamani, "Mchungaji, shuleni twaambiwa dunia ina miaka maelfu ya milioni. Je, ni kweli?" Nalimkemea, naye hakurudi tena darasani. Neno lile lanichoma hata leo. Kwa sababu hiyo naandika somo hili.

1. Jiwe lenyewe. Katika nchi ya Mbozi, mkoa wa Songwe, liko pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Urefu wake hupata mita 3, na uzito wake wakisiwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu kale. Wageni walipata habari zake mwaka 1930. Katika kila sehemu 100 za jiwe hili, karibu 90 ni chuma, na nyingi za zilizosalia ni nikeli. Hakuna mhunzi aliyelifua. Hapo mwanzo yalikuwako magimba madogo yaliyolizunguka jua. Mengine yaliyeyuka kwa moto, chuma kizito kikazama katikati. Kisha yakagongana, yakavunjika, na vipande vyake vingine hutuangukia sisi.

2. Saa iliyomo ndani ya mawe. Iko madini iitwayo urani, ambayo hugeuka polepole kuwa risasi. Mwendo wake haubadilishwi na joto wala baridi ya nchi: urani ya namna iliyo nyingi kuliko zote hupungua nusu kwa miaka milioni 4,468. Ajuaye mshumaa huungua kiasi gani kwa saa moja, na ulikuwa na urefu gani ulipowashwa, akitazama kipande kilichobaki aweza kujua umewaka muda gani. Lakini tutajuaje risasi ilikuwaje hapo mwanzo? Vimondo vya chuma vyatujibu, kwa maana havina urani ila kidogo mno. Risasi yao imebaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

3. Mtu aliyehesabu. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani alipima vimondo, na kimoja chao ni kile cha chuma cha Canyon Diablo huko Arizona. Akaona ya kuwa umri wake, na wa dunia pamoja navyo, ni miaka milioni 4,550, ikizidi au kupungua milioni 70. Waliopima baada yake hawakuitangua hesabu hiyo. Ilimpasa kwanza kukisafisha chumba chake mara nyingi, maana vumbi la risasi liliharibu kazi yake. Akauliza, vumbi hili latoka wapi? Akaona kwamba nyingi ya risasi ile yatoka katika petroli ya magari. Mwaka 1965 aliandika wazi kwamba risasi imezidi sana katika miili ya watu. Wenye biashara hiyo walimpinga, asinyamaze. Risasi huharibu akili za watoto; mwaka 2021 nchi ya mwisho iliacha kuiuza katika petroli ya magari.

4. Tufundishe nini? Kwanza, tusiiogope kweli. Aliyeliumba jiwe ndiye aliyeiweka saa ndani yake. Anayeisoma kwa uaminifu hamwibii Mungu kitu. Pili, tusiligeuze Neno la Mungu kuwa kitabu cha kuhesabia mawe. Mizani yatuambia jiwe lina umri gani. Haiwezi kutuambia ni nani atupendaye, wala dhambi zetu zaondolewaje. Tatu, mwanafunzi akiuliza tusimkemee. Kama hatujui, tuseme, "Sijui, tutafute pamoja." Neno hilo halimwondolei mwalimu heshima yake. Ukali wangu ulinipotezea kondoo mmoja.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini kimondo cha chuma chafaa kuonyesha risasi ya mwanzo?
2. Usafi wa Patterson katika kazi ndogo uliwafaa watoto wa nchi nyingi jinsi gani?
3. Someni Zaburi ya 8. Mtunzi alipotazama mbingu, aliuliza swali gani juu ya mwanadamu?