Meno ya Utotoni Si ya Kupuuzwa

Kuna neno lililozoeleka katika miji yetu, nalo linawadhuru watoto. Mtoto akilia jino huambiwa, "Si kitu, hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka." Kweli yatang'oka, lakini lini? Ya mbele huanza kutoka mtoto apatapo miaka 6 au 7. Ama magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10, na pengine 12. Basi gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 lina kazi ya miaka saba au zaidi mbele yake. Tena jino la utotoni humshikia nafasi mwenziwe ajaye. Likiondoka kabla ya wakati wake, meno ya jirani husogea, na la ukubwani likakosa mahali, likaota upande.

Wengine husema ni mdudu, wala hakuna aliyepata kumwona. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Berlin, alibainisha ya kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza sukari iliyobaki mdomoni ikawa tindikali, nayo ndiyo ilayo jino. Kwa hiyo haidhuru wingi wa sukari tu, bali khasa kukariri kwake. Mtoto alaye kipande cha haluwa baada ya chakula ana nafuu kuliko anyonyaye peremende mchana kutwa. Lililo baya zaidi ni chupa ya chai ya maziwa yenye sukari awekewayo mdomoni ili asinzie: usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yaoshayo meno. Wala tusimlaumu mama peke yake. Baba arudiye kila jioni na peremende mfukoni ana fungu lake.

Inueni mdomo wa juu wa mtoto, mtazame penye ufizi. Mkiona weupe kama chokaa, jino limeanza kuliwa, lakini bado laweza kuokolewa. Likishatoboka halijizibi, na mafuta ya karafuu hutuliza maumivu tu. Shavu likivimba na homa ikaingia, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuhimiza sana mswaki. Sisi wakubwa twaupiga tukienda msikitini, na watoto nyumbani hawana wa kuwasugua! Anzeni lichomozapo jino la kwanza, yapata miezi 6. Dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele yatosha mpaka miaka 3, kisha kiasi cha mbaazi moja. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo asipewe ila maji. Kabla ya miaka 7 mkono wa mtoto hauna ustadi. Mzazi ndiye asugue.

Na afikapo miaka 6, tazameni nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hapo huchomoza gego jipya pasipo lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani la utotoni. Hilo likioza, halioti jingine.