Damu Katika Mianya ya Gari: Namna ya Kusafisha Chombo Kilichombeba Mgonjwa

Mkula ni kijiji kilicho kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, akipewa rufaa ya kwenda Ifakara, husafirishwa kwa gari la wagonjwa likiwapo. Lisipokuwapo, huchukuliwa na gari lolote lililo karibu. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeliweka jambo hili katika utaratibu: apigaye namba 115 hutafutiwa gari la wagonjwa, na likikosekana huitwa dereva wa jamii, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Kesho yake gari hilohilo hubeba abiria wengine, magunia ya mpunga, au watoto wa dereva mwenyewe.

Katika mafunzo ya kukinga maambukizi hufundishwa kwa kirefu usafi wa wodi na chumba cha kujifungulia, lakini gari mara nyingi huachiwa kijana wa kuosha magari, mwenye ndoo, sabuni na mpira wa maji. Hatumlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba chini ya kiti huenda kuna damu, wala hakupewa glavu.

Damu hufuata mteremko. Kalio la kiti cha gari limeinama kidogo kuelekea nyuma, hivyo damu ya mama aliyelazwa au kuegemezwa juu yake haishuki mbele panapoonekana, bali hurudi nyuma hadi kwenye mwanya baina ya kalio na egemeo. Humo huingia katika vifungio vya mikanda, hupenya mishono ya kava, hulowesha sponji, kisha hudondoka sakafuni chini ya kapeti na katika reli ambazo kiti huteleza juu yake. Ndani ya gari la wagonjwa, mahali pa kuchunguza ni reli na magurudumu ya machela, kona ambapo sakafu hukutana na ukuta, mfereji wa mlango, na kishikilio cha mtungi wa oksijeni. Vumbi la barabara hujaa katika sehemu hizohizo, likachanganyika na damu na kuwa tope gumu.

Tope hilo lina hatari yake. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Abiria mwenye ngozi nzima hapati ugonjwa kwa kuketi tu juu ya kiti. Anayehatarika zaidi ni yule anayeingiza vidole mwanyani akiwa na mchubuko, au anayechomwa na sindano iliyoangukia humo. Kwa hiyo manukato ya gari na kitambaa kilichopitishwa juu juu havijamaliza kazi.

Anza kwa macho. Vaa glavu nene, aproni ya plastiki na viatu vilivyofunika vidole, kisha fungua milango yote na umulike kila mwanya kwa tochi. Usipeleke mkono pale ambapo jicho halijafika. Sindano au wembe utolewe kwa koleo na kutiwa katika kisanduku cha usalama. Sogeza kiti cha mbele hadi mwisho ili uone nyuma ya reli, kisha kirudishe nyuma uone upande wa mbele. Kalio la kiti cha nyuma katika magari mengi hufunguka. Likifunguka, litoe nje.

Usifagie vumbi kavu wala usilipulize kwa pampu ya upepo, maana utalipandisha usoni mwako. Lilowanishe kwanza. Mpira wa maji nao haufai ndani ya gari: husukuma damu ndani zaidi, na chini ya viti vya magari mengi ya sasa mna nyaya za umeme. Tumia maji baridi yenye sabuni, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu. Mswaki wa zamani hufika kwenye reli na mishono. Kijiti kilichoviringishwa kitambaa hufika ndani ya vifungio. Sugua, pangusa, badilisha kitambaa, urudie mpaka kitambaa kitoke bila rangi.

Baada ya hapo ndipo itumike klorini. Wengi huimwaga kwanza, wakiamini kuwa dawa kali itafanya yote, kumbe damu na uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Kipimo cha damu ni asilimia 0.5. Soma lebo ya chupa: dawa ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Ya asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 9. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku, wala usiuchanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Lowesha mwanya kwa kitambaa, uache dakika 10, kisha pangusa kwa maji safi, maana klorini hula chuma, na reli iliyoshika kutu haitasogea tena.

Mkanda wa usalama usiguswe na klorini kabisa, kwa sababu hudhoofisha nyuzi zake. Uvute wote nje, uoshe kwa sabuni, upanguse kwa spiriti ya asilimia 70, uuache ukauke kabla ya kuurudisha.

Sponji iliyonyonya damu ni habari nyingine. Haisafishiki kwa kupangusa kava. Sehemu iliyolowa ikatwe na kubadilishwa, na kipande kichomwe pamoja na taka za kituo cha afya. Gharama hiyo isibaki kwa dereva peke yake. Dereva aliyeachiwa kiti kinachonuka anaweza kusita simu inayofuata itakapolia usiku.

Anayechomwa na kitu chenye ncha wakati wa kazi hii asikamue jeraha. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha aende kituoni siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Chanjo ya homa ya ini B iwafikie na madereva pia.

Kazi kubwa huepukika kabla gari halijaondoka. Makintoshi ambayo mama ameandaa kwa ajili ya kujifungua itandikwe kitini, pindo la nyuma lipandishwe juu ya egemeo hadi mwanya ufunikwe, na juu yake ziwekwe khanga kavu. Mhudumu anayemsindikiza asizitupe khanga hizo njiani. Afike nazo hospitalini pamoja na makintoshi, kwani wanaompokea mama hukadiria kwa hizo kiasi cha damu alichopoteza, na damu iliyozama ndani ya kiti hakuna atakayeihesabu.