Pat McGrath na mama aliyekoroga rangi

Mabinti wa kwaya wameniuliza zaidi ya mara moja kama kupaka mekapu ni dhambi. Kabla sijajibu, tumwangalie mtu ambaye mekapu ndiyo kazi yake.

Pat McGrath amekulia Northampton, Uingereza, akilelewa na mama yake Jean, mhamiaji kutoka Jamaika. Huyo mama alipenda urembo kupita maelezo. Tabu ni kwamba vipodozi vya madukani karibu vyote vilikuwa vya ngozi nyeupe. Basi akawa anakoroga rangi mwenyewe mpaka zikubaliane na ngozi yake. Halafu anaenda kusimama mbele ya televisheni, anamuuliza mtoto leo amebadilisha nini machoni, na hasogei mpaka ajibiwe! Kwangu hicho ndicho chuo chenyewe, maana Pat hakusomea mekapu darasani.

Mengine nipite haraka: ziara ya Japani na mwimbaji Caron Wheeler wa Soul II Soul, jarida la i-D pamoja na Edward Enninful, kisha maonyesho makubwa ya mitindo Paris na Milan. Mwaka 2015 akaanzisha Pat McGrath Labs, na bidhaa ya kwanza, Gold 001, ikaisha ndani ya dakika chache. Mwaka 2021 akawa msanii wa kwanza wa mekapu kupewa cheo cha Dame. Na bado anapenda kupaka kwa vidole kuliko brashi.

Sasa lile swali. Mtakatifu Thomas wa Akwino analigusa katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 169. Ungetegemea afoke; wala hafoki. Anasema kughushi uzuri usio nao ni jambo moja, na kuficha kasoro iliyoletwa na ugonjwa ni jambo jingine, nalo ni halali. Hata huko kughushi si kila mara dhambi ya mauti. Anataka kujua nia: ni tamaa ya mwili? Ni kumdharau Mungu?

Jean simwoni katika mafungu hayo mawili. Hakughushi, na weusi si kasoro ya kufichwa. Alirekebisha poda ifuate ngozi. Mkorogo wa kwetu unafanya kinyume, unairekebisha ngozi ifuate kopo. Tena krimu zenye zebaki haziishii usoni, zinafika mpaka kwenye figo. Kwa hiyo dada, kopo lisiloandikwa kilichomo ndani, liache hapo hapo dukani.