Tathmini ya Albamu ya Chibite ya Hukwe Zawose: Fanani, Ala na Hadhira

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kutathmini albamu ya Chibite, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Mtendaji wake mkuu, Hukwe Zawose, alikuwa Mgogo wa mkoa wa Dodoma aliyefanya kazi Bagamoyo kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2003. Pamoja naye alikuwapo jamaa yake, Charles Zawose. Swali la msingi ni hili: kazi ya fasihi simulizi ihukumiwe kwa vigezo gani inapoondolewa katika mazingira yake ya utendaji na kuhifadhiwa katika sahani?

2.0 Fani

Nguvu ya albamu hii imo kwanza katika ala. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma. Katika ilimba kubwa, baadhi ya vijiti havipigwi. Huitikia vyenyewe vijiti vingine vinapotikisika, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku huongeza mvumo. Mvumo huo si kasoro ya kurekodi, kama msikilizaji mgeni anavyoweza kudhani, bali ni sehemu ya maana ya sauti yenyewe. Zeze nalo huchezewa ngazi ileile ya sauti tano, ambayo watafiti huihusisha na sauti ndogondogo zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja. Sauti ya Zawose, inayoshuka chini sana na kupanda hadi nyembamba kabisa, hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo, koo na chuma havishindani. Vinasema lugha moja.

3.0 Fanani na Hadhira

Hata hivyo, albamu haiwakilishi muziki wote wa Wagogo. Muheme, ngoma ambayo wapigaji wake ni wanawake, haimo katika kiini chake. Wala haubebi uzito wake stahiki uimbaji wa kundi kubwa, kama ule wa msunyunho, ambamo sauti nyingi hupandana. Anayeichukua Chibite kuwa ndiyo “muziki wa Kigogo” anamfuta mwanamke katika sanaa ambayo yeye ni nguzo yake.

Vilevile, kuna suala la hadhira. Ngomani, fanani huimba na kundi likaitikia. Mwitikio huo ndio unaomwongoza arefushe au akatishe wimbo. Msikilizaji aliyeketi Majengo, mjini Dodoma, akiisikia sahani hii, anaweza kuitikia, lakini fanani hatamsikia. Jirani yake asiyejua Kigogo hupata sauti, hapati fumbo. Hivyo watu wawili wa mtaa mmoja husikiliza kazi mbili tofauti.

4.0 Ulinganisho

Ulinganisho na Assembly, albamu ya mwaka 2002 ambayo Zawose aliitengeneza pamoja na Michael Brook, unafafanua zaidi. Humo gitaa na mitambo ya kielektroniki hujaza nafasi ambazo katika Chibite zimeachwa wazi. Haifai kuilaani Assembly kwa kuchanganya, kwani Zawose mwenyewe alishiriki. Lakini pale mapigo ya mashine yanapokuwa ya kudumu, ilimba hupoteza uhuru wa kusita na kuharakisha. Katika Chibite uhuru huo umehifadhiwa, na ndiyo fadhila yake kubwa.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Chibite ni ushahidi bora wa ustadi wa fanani mmoja, na ni ushahidi pungufu wa jamii iliyomlea. Mwalimu wa fasihi simulizi aitumie kwa sifa zote mbili: awasikilizishe wanafunzi sahani, kisha awapeleke kwenye utendaji hai, kwa mfano katika tamasha la muziki wa Wagogo lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009. Huko watawaona wanawake na ngoma zao, na watatakiwa kuitikia.